Msiba Haungoji Hati: Kutoka Bweri Hadi Kisumu kwa Njia ya Nchi Kavu

Wasafiri wa Musoma huijua stendi ya Bweri kwa sauti kabla ya kuijua kwa macho. Adhana ya alfajiri haijatoka, na tayari wapiga debe wanayaita majina ya miji: Mwanza, Bunda, Mugumu, Tarime, Sirari. Majina manne ya mwanzo ni ya safari za kawaida. Hili la mwisho lina jambo ndani yake, kwani anayepanda gari la Sirari mara nyingi si Sirari aendako. Ana dada aliyeolewa Migori, ana mjomba Kisii, ana watoto wa baba mkubwa Kisumu. Anakwenda kwao, na huko kwao kuko ng'ambo ya mpaka.

Makala haya tunayaandika kwa ajili ya familia za namna hiyo, ambazo ni nyingi katika mkoa wetu wa Mara. Tumeipita njia hii mara kadhaa, mara ya mwisho kwa sababu ya msiba, na msiba ndio uliotufundisha kwamba safari ya mpakani huanza nyumbani, kwenye kasha la karatasi, miezi mingi kabla ya mtu kukanyaga stendi.

Mpaka wenyewe si wa kale. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kuvuta mstari kutoka mlango wa mto Umba, huko pwani, wakaupindisha kuuzunguka mlima Kilimanjaro, kisha wakaunyoosha hadi pale ambapo latitudo ya digrii 1 kusini inaugusa ufuo wa mashariki wa Ziwa Victoria. Waliouchora hawakuuliza nani amemwoa nani. Wakurya wakajikuta wako Tarime na wako Kuria ya Kenya. Wajaluo wakawa Rorya na wakawa Migori. Waislamu wa miji ya ziwa nao, ambao wengi wao waliletwa na biashara, reli na meli, wakawa na ndoa, mirathi na makaburi kila upande.

Hata hivyo kwa muda mrefu mstari huo haukumsumbua mtu. Wazee wetu wanasimulia meli za Shirika la Reli la Afrika Mashariki zilizokuwa zikilizunguka ziwa, zikigusa Kisumu, Musoma, Mwanza na Bukoba. Mtu alikata tiketi, akapanda na kikapu chake cha samaki wa kukaushwa, akashuka kwa shemeji yake. Kisha ikaja Februari 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inavunjika, na Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Miaka 6 na zaidi! Katika muda huo watoto walizaliwa wasiojulikana na shangazi zao, na wazee walifariki wakazikwa bila ndugu wa upande wa pili kupata hata habari kwa wakati. Jumuiya mpya ilipoundwa kwa mkataba uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, wako waliolia kwa furaha, na si kwa sababu ya biashara. Halafu Mei 2020, wakati wa maradhi ya korona, Kenya ikaufunga tena mpaka kwa abiria, malori tu yakiruhusiwa kupita kwa masharti. Waliokuwa na kumbukumbu ya 1977 walijua maana yake.

Hali hii si yetu peke yetu. Kusini mwa Thailand kuna mto uitwao Golok, na ng'ambo yake ni jimbo la Kelantan la Malaysia. Mkataba wa mwaka 1909 baina ya Uingereza na Siamu uliwaacha Waislamu wa Patani upande mmoja na ndugu zao wa Kelantan upande mwingine, wakisema lugha moja na kuswali swala moja. Mpaka leo msafiri hushuka kwenye garimoshi katika mji wa Sungai Kolok, akachukua pikipiki hadi darajani, akavuka kwa miguu baada ya kugongewa muhuri, kisha akapanda basi la Kota Bharu. Anayetoka Bweri kwenda Kisumu hahitaji kufafanuliwa safari hiyo. Ni ileile, isipokuwa sisi garimoshi hatuna.

Tuje kwenye msiba wetu. Simu ililia baada ya Isha. Mume wa mdogo wake Bibi, mkazi wa Kisumu tangu ujana wake, alikuwa ametangulia mbele ya haki. Maziko yangekuwa kesho yake baada ya Adhuhuri, kama ilivyo desturi yetu ya kutomchelewesha maiti. Hesabu ilikuwa nyepesi na ngumu kwa pamoja: kutoka Bweri hadi Kisumu ni mwendo wa takriban siku nzima kwa magari ya kuunganisha, na anayewahi swala ya jeneza ya Adhuhuri lazima awe njiani usiku uleule. Katika jamaa yote ya Bweri, wanaume wawili tu walikuwa na pasi. Wakaondoka. Bibi, ambaye ndiye aliyemlea mdogo wake huyo baada ya mama yao kufariki, alibaki. Hakuwa na pasi wala hati yoyote ya safari, na kitambulisho chake cha taifa kilikuwa Mwanza kwa mjukuu aliyekwenda nacho kushughulikia jambo la benki.

Usiku ule kijana mmoja wa ukoo alikuja na wazo. Ana rafiki wa bodaboda pale Sirari, anajua njia za panya zinazopita katikati ya mashamba, dakika chache tu na Bibi yuko Isebania. Hakuwa kijana mbaya, uchungu ulimsukuma. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Mwanangu, miaka yote nimevuka maji kwa tiketi. Leo nivuke mahindi kama mwizi?"

Tunalieleza hili kwa kirefu kwa sababu ndipo familia nyingi zinapoponyoka. Njia ya panya inaonekana fupi, na watu wa mpakani wanaipita kila siku kwenda kununua sukari. Lakini anayekwenda mbali hana muhuri wa kutoka kwao wala muhuri wa kuingia kwa wenzao. Akipata ajali Rongo, akilazwa hospitali Kisii, akiulizwa na askari barabarani, yeye si mgeni, ni mtu aliyeingia kinyume cha sheria. Kurudi nako inambidi arudi kwa wizi uleule. Na kama ni mama aliye na watoto, amewaweka mikononi mwa dereva asiyemjua katika shamba asilolijua. Dini yetu imetuhimiza kuwaunga jamaa. Haikutuhimiza kuvunja ahadi za nchi tunazoishi ili kufanya hivyo.

Ambao hatukwenda tuliswali swala ya ghaibu msikitini Bweri siku ya maziko, kama madhehebu ya Imam Shafii yanavyoruhusu kwa maiti aliye mji mwingine. Bibi akatulizwa na jambo jingine aliloelezwa na Imamu: taazia, ambayo huchukiza kuitoa baada ya siku 3, haina ukomo huo kwa ndugu aliyekuwa mbali. Na mdogo wake alikuwa ameingia eda ya miezi 4 na siku 10, asingeweza kutoka kumfuata dada yake. Mwenye kwenda ni Bibi tu.

Kitambulisho kilitoka Mwanza ndani ya bahasha, kimekabidhiwa kwa kondakta wa basi, na tulikipokea palepale stendi ya Bweri. Barua ya serikali ya mtaa ikaandikwa. Cheti cha kuzaliwa Bibi hana, kama wazee wengi wa rika lake, basi kikafanywa kiapo cha kuzaliwa. Picha zikapigwa. Kwa karatasi hizo Idara ya Uhamiaji ikampatia hati ya dharura ya safari, ambayo hutolewa kwa muda mfupi na humtosha raia kwenda nchi za Jumuiya. Anayekwenda mara kwa mara ni afadhali achukue pasi ya kielektroniki ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2018 na ambayo mtu mzima huitumia kwa miaka 10. Jambo la kuangaliwa zaidi ni watoto. Mtoto naye ni msafiri, anahitaji hati yake, na mlango wa hati yake ni cheti cha kuzaliwa cha RITA. Nyumba ngapi Bweri zina watoto wa darasa la nne wasio na cheti? Mwenye kadi ya chanjo ya homa ya manjano aichukue pia, kwani huulizwa. Tangu Julai 2016 kadi hiyo ni ya maisha, haihuishwi kila baada ya miaka 10 kama zamani.

Tuliondoka siku ya tano, watu wanne: Bibi, mwanawe, mke wa mwanawe na mjukuu wa miaka 9. Bodaboda mbili zilitufikisha stendi baada ya swala ya alfajiri, tukapanda Hiace ya Tarime. Nasaha yetu kwa wenye wazee ni kuchukua kiti cha nyuma ya dereva hata kama itabidi kungoja gari la pili. Viti vya nyuma kabisa vinaumiza mgongo, na utingo akishaanza kuongeza abiria hapana wa kumtetea mzee.

Kutoka Bweri gari hufika kwanza Makutano, inapokutana barabara ya Musoma na ile kuu ya Mwanza. Kutoka hapo hadi Sirari ni kilomita 80 na ushei za lami. Njia inashuka kwenye bonde la mto Mara, na hapo Kirumi kuna daraja ambalo mjukuu wetu alitaka lisiishe. Mafunjo yametanda upande huu na upande huu mpaka macho yachoke. Mto huo chimbuko lake ni milima ya Mau, Kenya. Umepita Masai Mara na Serengeti ukavuka mpaka bila kuulizwa chochote, Bibi akasema kwa utani kwamba labda nao una pasi. Baada ya hapo ardhi inapanda, hewa inakuwa ya baridi, migomba na mahindi yanaanza, na umefika Tarime.

Tarime tuliacha Hiace tukachukua gari dogo, hayo wanayoyaita michomoko, hadi Sirari. Ni ya haraka kupita kiasi. Tulimwomba dereva apunguze mwendo, akapunguza kwa dakika tano.

Mpakani pana kelele kuliko ugumu. Mara ushukapo utazungukwa na wabadilisha fedha, wabeba mizigo na vijana wa bodaboda, kila mmoja akidai kwamba bila yeye hutavuka. Fedha ni bora zibadilishwe benki au katika duka lenye leseni, au zitumwe kwa simu, kwani huduma ya kutuma fedha baina ya mitandao ya M-Pesa ya nchi hizi mbili ipo tangu mwaka 2015. Anayebadilisha mkononi azihesabu mwenyewe, amesimama, mkoba ukiwa mbele yake. Kituo cha Sirari na Isebania ni kituo cha pamoja: anayetoka Tanzania hapangi foleni mara mbili katika nchi mbili, bali anakwenda moja kwa moja jengo la upande wa Kenya, ambako maofisa wa Tanzania humgongea muhuri wa kutoka na wa Kenya humgongea wa kuingia, chini ya dari moja. Raia wa Jumuiya halipi viza. Muulize ofisa amekupa siku ngapi, na uzisome kwenye muhuri kabla hujaondoka dirishani.

Pale dirishani ofisa alimwinamia mjukuu wetu, ambaye ni msichana, akamuuliza jina lake, wanaomchukua ni nani kwake, na anakwenda kufanya nini. Bibi alianza kuona ni jeuri. Siyo. Katika eneo hili wasichana wamewahi kuvushwa mpaka, kutoka Kenya kuja huku na kutoka huku kwenda Kenya, ili wakakeketwe mbali na macho ya sheria ya kwao, hasa msimu wa likizo ya Desemba. Wengine huvushwa kwa ahadi za kazi za ndani. Mzazi ana sababu ya kumshukuru ofisa anayeuliza. Mtoto afundishwe kujibu mwenyewe, na anayesafiri na mtoto wa ndugu yake achukue barua ya wazazi iliyopita serikali ya mtaa.

Mizigo yetu ilikuwa michache: dagaa wa Musoma, unga wa muhogo, kanga doti mbili. Vyote vilikuwa ndani ya vikapu, kwa kuwa mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017 na kwetu tangu tarehe 1 Juni 2019. Akina mama wanaovuka na bidhaa za kuuza wanapaswa kujua kwamba mazao na bidhaa za Afrika Mashariki zenye thamani isiyozidi dola 2,000 zina cheti rahisi cha uasili kinachotolewa mpakani, na kwa cheti hicho hazitozwi ushuru wa forodha. Wengi hulipa mitaani kile ambacho dirishani hakidaiwi.

Kisha ikawa Kenya, na lugha yetu ikaanza kutuchezea. Daladala ikawa matatu, stendi ikawa steji, bajaji ikawa tuktuk. Manamba wa gari la Kisii alimshika Bibi mkono kwa heshima kubwa akasema, "Nyanya, panda hapa mbele." Bibi akasimama. Nyanya kwake ni ya kutilia mchuzi. Ilibidi mke wa mwanawe amweleze kwamba hivyo ndivyo wenzetu wanavyomwita bibi, na tangu hapo hadi Kisumu mjukuu hakumwita jina jingine.

Njia inapita Migori, Awendo penye kiwanda cha sukari na mashamba ya miwa, Rongo, halafu inapanda vilima vya Kisii. Anayekwenda Nairobi huachana nasi Kisii akaelekea Bomet na Narok. Sisi tulibadilisha gari, na hapo tuliswali.

Masuala ya swala katika safari hii huulizwa sana, nasi tuliyapitia na Imamu kabla ya kuondoka. Umbali wa kupunguza swala katika madhehebu ya Shafii hukadiriwa kilomita 81 au zaidi kidogo, na hata aishiaye Sirari ameupita. Anaanza kupunguza akishatoka katika majengo ya mji wake, si akiwa bado Bweri anangoja gari. Adhuhuri na Alasiri hukusanywa, Magharibi na Isha hukusanywa, Alfajiri haina kukusanywa wala kupunguzwa. Anayenuia kukaa siku 4 kamili mbali na ya kufika na ya kuondoka, anaswali kamili tangu anapofika. Misikiti ipo Tarime, Migori, Kisii na Kisumu, na katika miji yote hiyo mtu akiuliza huelekezwa kwa furaha. Nafila inaswaliwa hata ndani ya gari, uso ukielekea liendako, na hapa kuna wepesi wa ajabu: kutoka kwetu Makka iko kaskazini, ikielemea kidogo mashariki, na barabara ya kutoka Isebania kwenda Kisii inaelekea karibu hukohuko. Dua ya kupanda chombo, ambayo msingi wake ni aya ya 13 na ya 14 za Surat Zukhruf, mjukuu aliisoma kwa sauti kila tulipobadilisha gari. Aliisoma mara sita.

Chakula tulibeba: chapati, mayai ya kuchemsha, maji. Tulinunua ndizi njiani. Nyama tuliiacha hadi tulipofika kwa wenyewe.

Baada ya Kisii gari linapita Oyugis, Sondu na Ahero, joto la ziwa linarudi, na Kisumu inatokeza. Tuktuk mbili zilitupeleka hadi mlangoni. Bibi aliingia chumbani peke yake, na mlango ukafungwa. Sisi tulikaa ukumbini na wafiwa tukasoma Yasin, tukasikia kwanza kilio, halafu kimya, halafu, baada ya muda mrefu, kicheko cha vizee viwili. Nadhani walifika kwenye habari ya nyanya.

Tulikaa siku tatu. Asubuhi ya kuondoka Bibi aliwaita wajukuu wa mdogo wake ukumbini akawauliza kitambulisho cha nyanya yao kiko wapi. Hapana aliyejua. Akawaambia eda itakwisha, na baada yake anamngoja mdogo wake Bweri, kwa hiyo wana miezi 4 ya kukitafuta na kumwombea pasi. Yeye mwenyewe ya kwake aliiomba wiki tuliyorudi.